MASIKIO CHINI YA MAJI KABLA YA NYUNDO

Nchi za Ulaya zinazopakana na Bahari ya Kaskazini na ile ya Baltiki zimekuwa zikisimamisha mitambo ya umeme wa upepo baharini tangu mwaka 1991, pale Denmark ilipojenga mitambo 11 katika maji mafupi ya Vindeby. Mitambo ile ya kwanza imekwisha kung'olewa tangu 2017 kwa uzee wake, na kwingineko imesimama mingine mikubwa ambayo ile ya Vindeby haiwezi kulinganishwa nayo. Tunalolizungumza leo si upepo wenyewe, wala umeme wake. Ni mshindo unaotokea siku nguzo inapopigiliwa, viumbe wanaousikia mshindo huo, na vyombo vilivyobuniwa ili binadamu naye apate kujua yanayowafika viumbe hao.

Msomaji wa Nungwi, wa Makunduchi au wa Kojani ana haki ya kutuuliza: hayo ya Wadenmark na Wajerumani yanatuhusu nini sisi, ambao katika maji yetu haijasimama hata nguzo moja ya namna hiyo? Swali ni la insafu, na jibu lake liko ufukweni mwetu wenyewe. Tarehe 28 Aprili, 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa kaskazini ya Unguja, baina ya Nungwi na Kendwa. Wataalamu waliwapasua, wakachungua matumbo yao, wakatafuta sumu wasiione. Wapo waliodhania kwamba wanyama wale walitishwa na sauti kali za vyombo vya manowari vya kusakia nyambizi, lakini dhana hiyo haikupata ushahidi. Sababu ya hakika haijulikani mpaka leo. Na itajulikanaje, ikiwa uchunguzi ulilazimika kuanzia kwenye mizoga, bila ya kumbukumbu ya sauti iliyonaswa majini usiku ule ambayo mtu angeweza kuirudia na kusema: saa fulani palisikika jambo hili, na saa fulani pomboo wakanyamaza?

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Bahari yetu inaingia katika zama za kazi kubwa, na kazi kubwa za baharini zina kelele. Wenzetu wamejifunza kwa miaka zaidi ya 20 namna ya kusikiliza kabla ya kupiga, wakati wa kupiga na baada ya kupiga. Mengine wamejifunza kwa gharama, na hapana haja sisi tuilipe gharama hiyo mara ya pili.

Kwanza tuufahamu msingi wa jambo lenyewe. Chini ya maji jicho halina kazi kubwa. Mwanga hufifia baada ya pima chache tu, ilhali sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na sauti nzito huweza kufika mbali mno. Kwa ajili hiyo pomboo humtafuta samaki kwa kutoa vimlio vifupi vya haraka na kusikiliza mwangwi wake. Nyangumi huitana kwa sauti nzito, na madume ya nyangumi wa nundu, hao wanaopita katika maji yetu wakati wa kusi wakitokea bahari ya baridi ya kusini, huimba kwa masaa. Mnyama wa namna hiyo akiharibiwa usikivu huwa kama nahodha aliyepofuliwa kisha akaachiwa usukani.

Sasa tuitazame nyundo. Nguzo ya chuma inayobeba mtambo wa upepo katika siku hizi ina kipenyo cha mita kadhaa, na uzito wake unaweza kupita tani 1,000. Husimamishwa wima juu ya sakafu ya bahari, kisha nyundo kubwa inayoendeshwa kwa haidroliki huipiga maelfu ya mapigo, kwa saa kadhaa, mpaka izame ndani ya mchanga kiasi kinachotakiwa. Huko Horns Rev, magharibi ya Denmark, ambako mitambo 80 ilisimamishwa mwaka 2002 na mingine ikaongezwa miaka michache baadaye, ilionekana kwamba pomboo wadogo wa bahari ile walikimbia hadi umbali wa karibu kilomita 20 wakati wa kupigilia. Walirudi, wengine baada ya saa na wengine baada ya siku, na nguzo ya pili ikianza huhama tena.

Wamejuaje haya, na pomboo yule ni mnyama mdogo asiyefika mita 2, mwenye haya, asiyeruka juu ya maji kama hawa wetu wa Kizimkazi? Wamejua kwa kumsikiliza. Vimlio vyake vina mitetemo ipatayo 130,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu halivuki 20,000. Huko Cornwall, Uingereza, kulitengenezwa kidude kinachoitwa C-POD: bomba lenye haidrofoni, yaani kinasa sauti cha chini ya maji, pamoja na betri na kumbukumbu ndani yake. Hufungwa kwenye nanga na boya, kikaachwa majini miezi, na kazi yake ni kuandika kila kimlio kinachofanana na cha pomboo, saa yake na namna yake. Hakisikii mbali, ni mita mia chache tu. Lakini hakilali, hakiogopi giza, hakijali ukungu wala mawimbi, na hakidai posho ya safari.

Uwezo wa vidude hivi ulidhihirika katika Bahari ya Baltiki baina ya 2011 na 2013. Nchi nane zinazopakana na bahari hiyo zilishirikiana kutega vyombo 304 vya aina hiyo, ili zijue pomboo wao wamebakia wangapi. Hesabu iliyotoka ilikuwa ya wanyama wapatao 500 tu katika eneo lote la Baltiki ya ndani. Ilibainika pia mahali wanapokusanyika wakati wa kuzaa, mahali ambapo kabla ya hapo wakuu wa nchi hizo hawakupajua, na ambapo nyundo ingeweza kuanguka pasi na mtu kushtuka. Tungependa viongozi wetu waizingatie habari hii. Nchi nane, zenye vyuo vikuu vya karne nyingi, hazikuwa zikijua wanyama wao wako wapi mpaka zilipotega masikio majini.

Kwa upande wa siku yenyewe ya kazi, Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2010 unaotaka mlinzi maalumu akae juu ya meli na kuitazama bahari kwa dakika 30 kabla ya pigo la kwanza, na kwamba nyundo isianze iwapo mnyama ameonekana ndani ya mita 500. Kisha mapigo huanza madogo na kupanda kidogo kidogo, ili aliye karibu apate nafasi ya kuondoka. Ni utaratibu mzuri, nasi hatuudharau. Lakini mvuvi yeyote wa kwetu aliyewahi kukesha baharini atauliza swali ambalo wataalamu nao walijiuliza: usiku je? Na ukungu je? Na upepo ukichafuka, mlinzi huyo mwenye darubini ataona nini? Ndiyo maana macho yameongezewa haidrofoni inayoteremshwa majini na kusikilizwa papo hapo, pamoja na kamera zinazotambua joto, ambazo huweza kuona pumzi ya nyangumi gizani. Hata hivyo kila chombo kina upungufu wake. Kamera haioni aliye chini ya maji, na haidrofoni haimsikii aliyenyamaza. Mtu anayekuja na chombo kimoja akasema kinatosha, huyo anauza chombo.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Haikuridhika na kumfukuza mnyama kabla ya kupiga. Iliiwekea nyundo yenyewe mpaka. Sheria yake inataka kelele ya pigo moja, ikipimwa umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo, isizidi desibeli 160. Kipimo hicho kilitokana kwa kiasi kikubwa na majaribio yaliyofanywa kwa pomboo mmoja aliyefugwa Kerteminde, Denmark, ambaye alipimwa kiasi cha mshindo kinachoanza kumpunguzia usikivu kwa muda. Pomboo mmoja! Wapo waliolalamika kwamba huo ni msingi mwembamba wa kujengea sheria ya taifa. Sisi tunaona kinyume chake: serikali ilipata ushahidi kidogo lakini wa kweli, ikaweka mpaka ulio wazi, na makandarasi waliokuwa wakisema haiwezekani wakatafuta njia ya kuutimiza.

Njia waliyoipata ni ya hikima na sahali kuifahamu. Bomba refu lenye matundu hulazwa kwenye sakafu ya bahari, likaizunguka nguzo, na meli iliyo juu husukuma hewa ndani yake kwa mashine. Mapovu hupanda mfululizo na kufanya pazia. Sauti inayokuja kwa kasi kupitia majini hukutana na hewa, ikavunjika na kutawanyika. Mapazia mawili, moja ndani ya jingine, huweza kupunguza mshindo kwa desibeli 10 na zaidi. Na katika hesabu ya desibeli, kupungua kwa 10 maana yake ni kubakia sehemu moja ya kumi ya nguvu ya sauti. Vipimo vya kila nguzo hupelekwa katika daftari la kelele la taifa, linalosimamiwa na shirika la serikali la mambo ya bahari lenye makao Hamburg. Hapo kandarasi hawezi kusema tu kwamba alitimiza. Namba zipo, na mwenye kuzihifadhi ni dola.

Tumekaa sana juu ya nyundo, lakini somo tunaloliona kubwa kuliko yote halitoki kwenye nyundo. Linatoka Nysted, kusini ya Denmark, ambako mitambo 72 ilikamilishwa mwaka 2003. Misingi ya pale ni ya zege iliyokalishwa chini kwa uzito wake, si nguzo za kupigiliwa. Mtu angetazamia kwamba pomboo wasingesumbuka sana. Kumbe walipungua mno, na ingawa wakaanza kurudi pole pole, baada ya karibu miaka kumi vimlio vyao ndani ya eneo la mitambo vilikuwa vimefika asilimia 29 tu ya vile vya mwanzo. Huko Egmond aan Zee, Uholanzi, kwenye mitambo 36, mambo yakawa kinyume: pomboo walisikika zaidi ndani ya eneo la mitambo kuliko nje yake. Waholanzi walidhani sababu ni chakula kilichozaliwa penye mawe ya misingi, au utulivu wa mahali ambapo meli na wavuvi wamezuiwa kuingia.

Basi bahari mbili jirani, mnyama mmoja, na majibu mawili yaliyopishana. Lau Wadenmark wasingelitega vyombo vyao mwaka 2001 na 2002, kabla ya jiwe la kwanza, wasingelijua kwamba wamepoteza chochote. Wangelisikia vimlio vichache mwaka 2010, wakasema: pomboo wapo, mbona tunawasikia. Neno la kuwapo halina maana mpaka mtu ajue walikuwa wangapi. Na mwenye kutegemea mfano wa Uholanzi ili aseme mitambo haina madhara, au mfano wa Nysted ili aseme mitambo ni maangamizi, amechukua nusu ya habari.

Kuna na sili, mnyama wa bahari za baridi ambaye huwinda majini na kupumzika nchi kavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, waliwabandika baadhi yao vyombo vidogo vya kueleza walipo. Ramani zilizotoka mwaka 2014 zilishangaza watu: sili kadhaa walikuwa wakienda kutoka mtambo mmoja hadi wa pili kwa mstari ulionyooka, kama muuza maziwa anayepita nyumba kwa nyumba, kwa kuwa penye misingi pana samaki. Na wakati wa kupigilia, sili hao hao hukimbia hadi kilomita 25, kisha hurudi ndani ya saa mbili nyundo inaponyamaza. Mnyama si mjinga. Anachohitaji ni muda, na kujua ni lini.

Marekani imekuwa na kisa chake, nasi tunakitaja kwa kuwa kina funzo la siasa. Katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo yupo nyangumi wa aina adimu, ambaye duniani wamebakia chini ya 400. Mwaka 2019 kampuni ya Vineyard Wind, iliyokusudia kujenga mitambo kusini ya Massachusetts, iliandikiana makubaliano na vyama vya kutunza mazingira kwamba haitapigilia nguzo yoyote kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, wakati nyangumi hao wako karibu, na kwamba itaweka walinzi na vyombo vya kusikiliza. Katika bahari hiyo yapo maboya yenye haidrofoni ambayo hutambua mwito wa nyangumi na kupeleka habari nchi kavu kwa satelaiti, ambako mtaalamu huikagua kabla manahodha hawajatakiwa kupunguza mwendo hadi noti 10. Zipo pia nyambizi ndogo zisizo na mtu, ambazo hujifanya nzito kisha nyepesi, zikipanda na kushuka kwa wiki nyingi huku zikisikiliza.

Kisha katika majira ya baridi ya 2022 na 2023 nyangumi wa nundu kadhaa walikufa katika fukwe za New Jersey na New York, na kukazuka zogo. Wapinzani wa umeme wa upepo wakadai kwamba meli za kupima bahari kwa ajili ya mitambo ndizo zilizowaua. Idara ya serikali inayohusika ilijibu kwamba hapana ushahidi wa kuunganisha vifo vile na kazi hizo. Vifo vya namna hiyo vilikuwa vimeongezeka tangu 2016, na katika mizoga iliyochunguzwa, karibu asilimia 40 ilikuwa na alama za kugongwa na meli au kunaswa na nyavu. Hatuna sababu ya kulikataa jibu hilo. Tunachoongeza ni kwamba serikali iliweza kujibu kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu za miaka. Mahali pasipo kumbukumbu, uvumi ndio unaotawala, na uvumi humdhuru mwenye haki na asiye haki kwa pamoja.

Turudi nyumbani. Tumesema hatuna mitambo ya upepo baharini. Lakini visiwa hivi vinaujua uchungu wa kukosa umeme. Waya wa kwanza wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulilazwa mwaka 1980. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena miezi mitatu, maji yakakatika, barafu za wavuvi zikayeyuka. Waya wa pili, ulio mkubwa zaidi, ulianza kazi 2013, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Kwa watu walioonja hayo, kuzungumza juu ya upepo wa kaskazi na wa kusi kuwa chanzo cha umeme si ndoto ya wageni. Siku moja litaletwa pendekezo. Na kwa kuwa mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, huenda likawa la mitambo inayoelea, kama ile mitano iliyowekwa mwaka 2017 mbele ya Peterhead, Scotland, ambayo hufungwa kwa nanga na haihitaji nguzo ya kupigiliwa kama zile tulizozieleza.

Lakini kelele haingoji umeme wa upepo. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba na Zanzibar, na mwaka 2024 ikazindua duru ya kwanza ya kunadi vitalu vingine. Mafuta na gesi baharini hutafutwa kwa bunduki za hewa zinazovutwa nyuma ya meli na kupiga mshindo kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana. Mwongozo wa Uingereza wa kuwalinda wanyama dhidi ya mshindo huo ni wa tangu 1995, na ule wa nguzo za upepo ulifuata nyayo zake. Kwa hiyo vyombo ni vile vile, na hoja ni ile ile. Hatuikatai gesi, kama tusivyoukataa upepo. Tunataka kazi hiyo ifanywe mbele ya shahidi.

Na ushahidi wa sauti katika maji yetu si jambo geni kabisa. Mwaka 2015 watafiti waliokwenda kuhesabu pomboo na nyangumi walipita pwani nzima ya Tanzania wakivuta haidrofoni nyuma ya chombo chao. Walikuja kwa ajili ya wanyama. Wakakuta wanasikiliza vita. Walinasa zaidi ya milipuko 300 ya baruti za wavuvi haramu, na sita katika kila kumi ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yale ambayo kila mtu wa pwani aliyajua na kila ofisa aliweza kuyakana, sasa yalikuwa na saa na mahali. Wataalamu wetu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari nao walikwisha kujaribu kufunga kwenye nyavu vidude vya kutoa sauti ili pomboo wasinaswe. Ujuzi upo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuufanya uwe kazi ya kudumu, badala ya mradi unaokufa siku mfadhili anapofunga mkoba wake.

Lipo lile neno linalosemwa katika vikao, kwamba nchi maskini ishughulike kwanza na watu, pomboo wangoje. Waulizwe watu wa Kizimkazi. Mpaka miaka ya 1990 pomboo alikuwa akiuawa pale kwa ajili ya chambo cha papa. Leo pomboo huyo huyo, akiwa hai, ndiye anayewalisha wenye mashua, wapishi na wauza madafu, ndani ya hifadhi ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997. Hatuna budi kusema pia kwamba wenye mashua wetu wanaomkimbiza kwa injini tano au sita kwa pamoja ili mgeni apate picha, nao wanapiga kelele. Kanuni ya kunyamazisha bahari ikija, iwaguse na wao.

Tunayoyataka kwa viongozi ni mambo yanayoweza kuandikwa katika sharti la kibali. Mradi wowote wa mshindo baharini, uwe wa gesi, wa bandari au wa upepo, usipewe ruhusa mpaka vyombo vya kusikiliza vimekaa majini pale pale kwa kusi mbili na kaskazi mbili. Miezi mitatu ya ripoti ya mshauri haitoshi. Anayesikiliza wakati wa kaskazi tu atasema nyangumi hayupo, na atakuwa amesema kweli isiyo na faida. Kumbukumbu za vyombo hivyo ziwe mali ya nchi, nakala yake ikae hapa Zanzibar, Buyu au Chuo Kikuu cha Taifa, na si katika droo ya kampuni upande wa pili wa dunia. Tumechoka kwenda kuomba habari za bahari yetu kwa wageni, tena kwa barua.

La pili, ambalo wengi hulikwepa, ni nani mwenye amri ya kusema simama. Mlinzi anayelipwa na mwenye nyundo, anayelala katika meli ya mwenye nyundo, na ambaye kila saa ya kusimama inamgharimu mwajiri wake fedha nyingi, huyo tumembebesha mzigo usio wake. Amri hiyo iwe mikononi mwa ofisa wa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, na mshahara wake utoke serikalini, hata kama kampuni itailipa serikali gharama hiyo. Apewe simu ya moja kwa moja, na jina la cheo chake liandikwe ndani ya mkataba.

Na tusiwasahau wavuvi. Chombo kinachotegwa majini miezi sita kitakutana na jarife la mtu, na huko Ulaya vingi vimepotea kwa njia hiyo. Mvuvi asiyeelezwa ni kitu gani atakikata boya akatie nangani kwake, na hatutamlaumu. Shehia za Nungwi, Matemwe, Mkoani na Makangale zishauriwe kabla mahali pa kutega hapajachaguliwa, kwa kuwa ndizo zinazojua mikondo ya bamvua na njia za pomboo. Vijana wao wafundishwe kuvitega, kuvitoa na kubadilisha betri, na walipwe kwa kazi hiyo. Kila mwaka matokeo yasomwe mbele yao kwa Kiswahili, pamoja na ramani.

Gharama ya kuanza si ya kutisha taifa. Vyombo vichache katika mkondo wa Pemba, vingine karibu na Mnemba, vingine Menai, na mtu wa kuvisoma. Nyangumi wa nundu watapita tena kusi ijayo, kama wanavyopita kila mwaka. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi inao muda wa kutega vyombo hivyo kabla hawajafika, na kabla meli nyingine ya bunduki za hewa haijatia nanga bandarini.